BARIDI YA SAMAKI YAPIMWA, UCHOVU WA DEREVA HAUPIMWI

Na Mwenezi wa Tawi, Ntalikwa, Tabora



Katika mkutano wa tawi letu hapa Ntalikwa lilizuka neno lililonikaa moyoni, hata nikaona si haki kulinyamazia. Tulikuwa tukipanga zamu za kuchimba msingi wa darasa. Likasomwa jina la ndugu mmoja ambaye ni dereva wa lori la friji, yale malori yachukuayo minofu ya samaki kutoka Mwanza hadi bandari ya Dar es Salaam. Akasimama, akaomba asamehewe kazi ya sururu kwa sababu mgongo wake haumruhusu. Hapo mzee mmoja, tena mtu wa heshima zake, akasema: "Mwanangu, wewe kazi yako ni kukaa. Huo mgongo umeumwa na nini?" Watu wakacheka. Yule ndugu naye akacheka, akakaa. Lakini mimi nilimwona alivyokaa. Alishika kwanza ukingo wa benchi kwa mikono miwili, akajishusha pole pole kama mtu ateremkaye kisimani.

Ndugu huyo ana umri wa miaka 41. Wenye kumbukumbu watamkumbuka alipokuwa kijana wa kupakia marobota ya tumbaku, wala hapakuwa na mtu wa kumshinda.

Basi nataka kumjibu mzee wetu, kwa adabu yote, na pamoja naye niwajibu wengi wadhanio kama yeye, wakiwamo wanachama wenzetu wenye malori yao wenyewe. Kukaa nyuma ya usukani ni kazi ya mwili. Ni kazi ya uchukuzi, sawasawa na ile ya babu zetu, na yafaa tuitazame kama tunavyoitazama ile.

Maana sisi watu wa Unyamwezi ndio tungepaswa kuwa wa mwisho kumcheka mchukuzi. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, mali iliyopita kati ya pwani na maziwa makuu ilipita juu ya mabega ya watu, na wengi wa watu hao walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa pagazi ulikuwa ratili 60 hadi 70, yaani kama kilo 27 hadi 32, na hapo hujahesabu mkeka wake, chungu chake, chakula chake wala silaha yake. Burton na Speke walipokuja na msafara wao waliondoka pwani mwezi Juni 1857, wakaingia Kaze, hapa hapa Tabora, tarehe 7 Novemba. Miezi zaidi ya minne kwa miguu.

Wasafiri wale waliandika vitabu, na katika vitabu vyao wamenung'unika sana juu ya mapagazi: ati ni wakaidi, ati hawataki kwenda. Lakini ukiyasoma manung'uniko hayo kwa jicho la mtu aliyekwisha kuajiriwa na mwenziwe, utaona jambo jingine. Utaona kwamba pagazi alikuwa na kanuni. Safari ilianza alfajiri, na jua likishapanda, kabla ya adhuhuri au karibu yake, mizigo ilituliwa, watu wakapika. Mbele alitangulia kirangozi, ambaye alikuwa pagazi mwenzao. Kwenda mchana wa jua, ndiyo ile waliyoiita terekeza, lilikuwa jambo la dharura, hasa maji yalipokuwa mbali kama katika pori la Mgunda Mkali. Na tajiri wa msafara akizidisha mzigo, au akipunguza posho, watu waliweka mizigo chini na safari ikasimama hapo hapo mpaka wasikilizane. Huo ulikuwa mgomo, ingawa neno lenyewe halikuwa limetumiwa bado.

Kisha ikaja vita ya 1914 hadi 1918. Njia zilikuwa zile zile, mabega yale yale, na mzigo haukuwa mbali na ule wa zamani. Lakini safari hii mchukuzi alikamatwa kwa nguvu, na saa ya kutua iliamuliwa na mtu mwenye bunduki. Wajerumani walifanya hivyo, Waingereza walifanya hivyo, na Wabelgiji walioiteka Tabora Septemba 1916 nao walifanya hivyo. Wachukuzi walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa, kuhara na kuchoka. Kariakoo ya Dar es Salaam, mahali tunapokwenda kununua nguo za sikukuu, jina lake latokana na kikosi cha wachukuzi hao.

Mzigo ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni nani aliye na neno juu ya saa ya kuutua. Nawaomba wasomaji walishike jambo hilo, maana ndilo nitakaloliuliza juu ya lori.

Wengi wetu lori hili twaliona likipita tu pale Nzega. Mbele kichwa cha gari, nyuma sanduku refu jeupe, na katikati mashine inguruma. Mashine hiyo ni friji yenye injini yake na dizeli yake, wala haitegemei injini ya gari. (Vijana wajue pia kwamba aliyeifanya mashine ya namna hii ikafaa kwa malori ni mtu mweusi wa Marekani, Frederick McKinley Jones, mtoto yatima aliyeacha shule mapema akajifundisha ufundi mwenyewe. Mwaka 1938 yeye na mwenzake Joseph Numero walianzisha kampuni ya kuziunda, na mwaka 1949 akapewa hati ya ubunifu wake. Sikulisikia jina hilo shuleni, wala chuoni nilikofundishwa ualimu.)

Samaki wenyewe ni sangara wa Ziwa Viktoria. Viwanda vya minofu vilianza kushamiri Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Minofu isiyogandishwa huwahishwa kwa ndege. Iliyogandishwa huenda bandarini. Soko kubwa liko Ulaya, na Ulaya wana masharti. Kati ya mwaka 1997 na 1999 walikwisha kuufunga mlango wao mbele ya samaki wa ziwa letu, wavuvi na wafanyakazi wa viwandani wakaona taabu kubwa. Kwa hiyo siku hizi hakuna mwenye kiwanda athubutuye kulichezea sharti lao: minofu iliyogandishwa ikae kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi. Njiani joto laweza kupanda nyuzi tatu tu, tena kwa muda mfupi. Ndani ya sanduku mna chombo kinachoandika baridi hiyo mchana na usiku. Lori likifika, maneno ya dereva hayatoshi. Kinasomwa kile chombo.

Naam. Samaki aliyekwisha kufa ana daftari la safari yake, saa kwa saa. Dereva aliye hai hana.

Nilikwenda Nzega kuona kwa macho yangu, maana mwenezi asiyekwenda huwa mpiga porojo. Nilifika penye maegesho saa nne usiku. Yalikuwako malori ya mafuta, ya saruji, ya mizigo iendayo Rwanda na Burundi, na kati yao malori manne ya friji. Mngurumo wa mashine hizo ni kama wa kinu cha kusaga ukisimama mlangoni. Ili msikilizane yawapasa mpaze sauti. Sasa kitanda cha dereva kiko wapi? Kiko nyuma ya kiti chake, ndani ya kichwa cha gari, na mashine iko nyuma ya kitanda hicho. Niliweka kiganja kwenye ule ukuta nikasikia unatetemeka. Hapo ndipo alalapo yule tunayesema kazi yake ni kukaa.

Hawezi kuizima mashine, samaki wataharibika. Hawezi kwenda kulala gesti, maana akiondoka dizeli huibwa, na mashine ikizimika hapana wa kujua mpaka asubuhi. Nilimwuliza mmoja wao hulalaje na kelele ile. Akanijibu, "Kelele nimezoea. Mimi huamka inapobadilisha sauti." Na mashine hizi hujipandisha na kujishusha zenyewe kwa kadiri ya baridi inayotakiwa, kwa hiyo hubadilisha sauti usiku kucha. Kila inapobadilika dereva hufumbua macho, husikiliza, na mara nyingine hushuka kwenda kusoma namba kwenye kioo. Asubuhi ataambiwa amelala saa sita.

Kuhusu mgongo sasa. Elimu ya afya ya kazini imekwisha kulithibitisha jambo hili katika nchi nyingi: mtikiso wa gari kubwa hupanda kwa kiti, ukaingia katika uti wa mgongo, na vile vifuto laini vilivyo kati ya pingili na pingili hubanwa na kuachiwa mara maelfu katika siku moja. Hubanwa hivyo mtu akiwa ameketi, na kuketi ndiko kunakovilemea kuliko kusimama. Mtu alimaye huinama, huinuka, hutembea, hupumzika kivulini. Misuli yake hupokezana kazi. Dereva misuli yake ni ile ile, mkao ni ule ule, saa baada ya saa. Ndiyo sababu maumivu ya kiuno ni ugonjwa wa madereva wa malori ulimwenguni kote. Na si kiuno tu. Miguu huvimba. Mkojo huzuiliwa kwa kuwa mahali pa kusimama ni mbali au pana hatari. Bawasiri ni jambo wasilolisema mbele ya watu, lakini wote wanne waliniambia. Chakula huliwa saa sita ya usiku, kikavu na chenye mafuta, kisha mtu akakaa tena juu yake; shinikizo la damu na kisukari huja polepole bila hodi. Na moshi wa dizeli, wa injini mbili badala ya moja, mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuandika rasmi kuwa ni kitu kinacholeta saratani.

Kisha kuna baridi yenyewe, na hapa ndipo dereva wa friji anapoachana na dereva wa saruji. Wakati wa kupakia huingia sandukuni kuhesabu maboksi, maana pakipungua boksi moja huulizwa yeye. Wakati wa kukaguliwa hufungua, huingia tena. Nje ni jua la nyuzi 33, ndani ni nyuzi 18 chini ya sifuri. Hiyo ni tofauti ya nyuzi 51 kwa hatua moja ya mguu. Mwili uliokuwa ukitoka jasho hukakamaa, vidole havishiki vizuri, na sakafu ya chuma yenye barafu huteleza kama sabuni. Wale niliozungumza nao walikuwa na koti moja zito kwa watu wawili. Huyu ndugu yetu wa Ntalikwa aliteleza ndani ya sanduku, akapiga kiuno kwenye ukingo wa mlango, akasimama, akafunga milango, akaendesha mpaka Dar es Salaam. Huo ndio mwanzo wa mgongo aliochekwa nao. Tangu mwaka 2015 uko mfuko wa fidia kwa wafanyakazi waumiao kazini, lakini yeye hakuripoti popote. Nilipomwuliza kwa nini, alisema hana mkataba wa maandishi. Angejitambulisha kwa karatasi gani?

Na tairi? Likipasuka usiku kati ya Igunga na Mlima Sekenke, hapana fundi wa kuitwa. Dereva na utingo wake hulifungua wenyewe. Tairi la lori pamoja na rimu yake lapata kilo mia moja hivi, na huinuliwa likalenga skrubu zake gizani. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilishauri kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Nampa mzee wetu hesabu hiyo aifikirie.

Tukiwa bado katika hesabu: toka Mwanza mpaka Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 1,150. Gari kubwa haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na penye makazi ni 50. Weka milima, weka mizani, weka vijiji ambavyo siku hizi vimeungana kando ya barabara kama shanga. Ukisema wastani wa kilomita 50 kwa saa umemfanyia dereva ukarimu, na hata hivyo zatoka saa 23 za usukani mtupu, bila kula, bila kukaguliwa, bila kupanga foleni. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 yasema saa za kawaida za kazi zisizidi tisa kwa siku, na hata pamoja na ziada zisizidi 12. Yataka mtu apumzike saa nzima baada ya kufanya kazi saa tano mfululizo, na apate saa 12 za mapumziko kati ya siku na siku. Kwa sheria hiyo safari ya saa 23 haiwezi kuwa pungufu ya siku mbili kamili, na kwa saa tisa tisa ni siku tatu. Madereva wale wanne waliniambia wote neno moja: tajiri akikuruhusu kuondoka Mwanza mchana, hutegemea simu yako kesho yake jioni kwamba umefika Dar es Salaam.

Saa hizo wazitoa wapi? Wazitoa usiku. Na mwili wa binadamu, awe hodari namna gani, kati ya saa nane za usiku na saa kumi na moja alfajiri hudai usingizi wake. Hapo mtu hulala macho yakiwa wazi, kwa sekunde tatu, kwa sekunde nne. Lori lendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika sekunde moja. Sheria za Afrika Mashariki huruhusu gari pamoja na mzigo wake kufika tani 56. Kila mtu afanye hesabu yake mwenyewe ya tani hizo na sekunde hizo katika mteremko wa Sekenke.

Sasa nitasema jambo linaloniudhi kuliko yote. Huko Ulaya wanakopeleka samaki hawa, sheria yasema dereva wa lori akiendesha saa nne na nusu lazima apumzike dakika 45, na kwa siku ya kawaida asiendeshe zaidi ya saa tisa. Ndani ya gari lake mna chombo kinachoandika saa zake, na askari wa barabarani hukisoma. Kwa hiyo sanduku lile lile, lenye samaki wale wale, likishushwa katika bandari yao hupewa dereva ambaye uchovu wake unapimwa. Lilipokuwa kwetu lilikuwa na dereva ambaye hapana aliyemuuliza hata kama amekula. Masharti ya samaki tumeyatii yote, neno kwa neno, kwa sababu mnunuzi alisema atafunga mlango. Masharti ya mtu ni yetu wenyewe, tuliyoyatunga katika Bunge letu wenyewe, nayo tumeyaacha kwenye kabati.

Matajiri wa malori wana majibu yao, wala si haki kuyaficha. La kwanza husema samaki hangoji. Hilo ningelikubali kwa samaki mbichi. Lakini samaki aliyegandishwa ana subira kuliko mzigo wowote. Maadamu mashine ina dizeli hatadhurika kwa siku moja ya zaidi, na akifika bandarini hungoja meli. Haraka hii si ya samaki. Ni haraka ya kurudisha gari Mwanza mapema lipakie tena. Tuiite kwa jina lake.

La pili husema dereva wa pili ni gharama. Ni kweli, ni gharama. Tairi pia ni gharama, na hapana tajiri anayesafirisha lori na tairi pungufu akasema zilizobaki zitajitahidi.

La tatu ndilo gumu, nalo lina ukweli ndani yake. Husema madereva wenyewe ndio wapendao kukimbia. Naam, wapo. Hulipwa kwa safari, na mwenye safari nyingi ndiye apelekaye fedha nyingi nyumbani. Wapo watafunao mirungi, na huku wanajua ni kosa la jinai. Wapo wanywao vinywaji vya kuchangamsha mkebe baada ya mkebe hata mikono ikatetemeka kwenye usukani. Sitawatetea. Mmoja wa wale wanne alikuwa na shavu limejaa wakati tunazungumza juu ya afya yake, nami nilimwambia wazi. Lakini tuulize: nani aliyeipanga malipo hayo yawe kwa safari? Ukimlipa mtu kwa idadi ya safari umemnunua usingizi wake, tena kwa bei ndogo, halafu ukimlaumu kwamba hakulala wamfanyia dhihaka.

Mwezi Aprili 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma nchi nzima, na moja ya madai yao lilikuwa mikataba ya ajira. Mimi nilikuwa mwanafunzi, nikakwama kituoni na sanduku langu la bati tangu asubuhi hadi jioni, na nakiri kwamba nilikuwa miongoni mwa waliowatukana. Sikuuliza wanataka nini. Niliona basi limesimama, basi. Ningekuwa najua habari za mapagazi nilizozieleza hapo juu ningeelewa kwamba nimewaona watu wameweka mizigo chini, kama desturi ya njia hii ilivyo tangu zamani. Hata mwaka 1947, mgomo ulioanza kwa makuli wa bandari ya Dar es Salaam ulipanda na reli ya kati mpaka bara; na waliogoma wakati huo leo twawasifu katika hotuba kwamba waliandaa njia ya Uhuru.

Hapa ndipo nifikapo kwa wanachama wenzangu. Katika bendera yetu mna jembe na nyundo. Sidhani kama usukani umeachwa nje ya nyundo hiyo. Azimio la Arusha la 1967 lilikataza kiongozi asiishi kwa jasho la mwenziwe, na Mwongozo wa 1971 ukawaambia wafanyakazi kwamba mkubwa mwenye kiburi na dharau anaweza kukataliwa. Mambo mengi yamebadilika tangu hapo; leo mwanachama anaruhusiwa kuwa na lori, hata malori kumi, nami sina kinyongo na mali ya mtu. Lakini nimeketi katika vikao ambamo mwenye lori huzungumza kwa uchungu juu ya mkulima wa tumbaku anavyopunjwa kwenye mizani, na kesho yake humpigia dereva wake simu saa nane za usiku kumwuliza kwa nini gari limesimama Singida. Gari limesimama kwa sababu mtu amelala. Mwacheni alale.

Tunalotaka sisi wa Ntalikwa si jambo kubwa. Twataka mkataba ulioandikwa, na mshahara wa mwezi ambao safari haziuli. Twataka kila lori lichukue daftari la saa za dereva, lianze na daftari la shule la kawaida, lenye saa ya kuondoka, saa ya kusimama, saa ya kulala, na lisainiwe penye mizani ambako gari husimama hata hivyo. Safari isiyoweza kuisha ndani ya saa za sheria iende na madereva wawili, au ilale njiani. Koti na viatu vya baridi viwe vya kila mtu. Mgongo na damu ya dereva vipimwe kila mwaka, maana sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003 inalitaka jambo hilo.

Na hili la mwisho nimelifikiria sana tangu usiku ule wa Nzega. Friji hizi nyingi zaweza kuchomekwa kwenye umeme. Halmashauri zetu kwenye barabara hii, Nzega, Igunga, Iramba na nyinginezo, zingeweza kujenga uwanja wenye ua, mlinzi, choo safi, vyumba vya kulala vilivyo mbali na kelele, na nguzo za umeme za kuchomekea mashine. Injini ya friji ingezimwa, umeme ungeshika zamu, dizeli isingeibwa, na mtu angekwenda kitandani kama binadamu. Wenye malori wangelipa kwa usiku, halmashauri ingepata ushuru. Misafara ya zamani ilikuwa na vituo vyake vya kutua, na miji kadhaa ya njia hii ilikua kwa sababu ya vituo hivyo. Tabora yenyewe ni kituo kilichokuwa mji. Haitakuwa ajabu kwetu kujua namna ya kumpokea mchukuzi.

Tawi letu limeandika barua yenye maneno haya kwenda ngazi ya wilaya, na nakala tumewapelekea wanachama wanne wenye malori waishio mjini, tukiwaalika katika mkutano wetu ujao hapa Ntalikwa wazungumze ana kwa ana na madereva wenyewe. Mzee wetu wa ile kauli ya kukaa nimemsomea makala haya kabla ya kuyapeleka gazetini. Alinyamaza kidogo, akauliza kama ni kweli kitanda kiko mbele ya mashine. Kisha akasema zamu ya yule kijana ya sururu ataitoa mwanawe. Kati ya wenye malori wanne, hadi ninapoandika, amejibu mmoja, naye amesema atakuja.